Mwambie Kwanza Tunamwamini Nani

Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu Rukia,

Sisi huku sote ni wazima, alhamdulillahi, ila magoti ya nyanyako yanamsumbua tangu mvua zianze. Tumemkataza kupanda darini, na wajua mwenyewe kwamba nyanyako hakatazwi. Tukigeuka kidogo tu yuko juu anaanika pilipili. Binti wa jirani ameposwa, harusi ni baada ya Maulidi, na mamake ameshaanza kuazima masufuria. Wadogo zako wanasoma, mmoja kwa hiari na mmoja kwa kusukumwa.

Babako amenisomea ujumbe wako. Nikamwambia jibu nitaliandika mimi, kwa kalamu, maana jambo lenyewe halienei katika ujumbe wa simu. Najua barua hii itasomwa na nyumba nzima kabla haijatiwa bahasha. Nao na wasome, hakuna lililoandikwa humu lisilowahusu.

Wasema mwenzako wa chumbani, msichana wa kanisani, mwenye heshima zake, alikuuliza nyinyi Waislamu mnaamini nini. Ukamwambia hatuli nguruwe, hatunywi pombe, twajisitiri, twafunga mwezi mzima. Naye akakwambia, hayo mnayoyafanya nayaona kila siku, nimekuuliza mnaamini nini. Ukanyamaza.

Sikulaumu, mwanangu. Watoto wengi wa siku hizi jawabu lao ni hilo hilo, na aliyewafundisha ni sisi wakubwa. Twawaambia usile hiki, usivae kile, usitoke saa hizi, na huyo tunayemtii kwa hayo yote twamtaja kwa haraka tu, pengine tukiwa tumekasirika. Mtu akianza kwa makatazo, mgeni huona dini ni ua mrefu wenye miiba juu, na hajui kama ndani mna nyumba na watu wanaishi. Sasa keti, nikuingize ndani kwa mlango.

Mimi nilisomea chuoni kwa maalim, mkekani, kabla ya madrasa kuwa na madawati. Tulisoma Safina, kile kitabu kidogo cha Sheikh Salim bin Sumeir wa Hadhramaut kilichosomesha karibu pwani yetu yote. Kinaanza kwa nguzo 5 za Uislamu, na papo hapo kinafuatisha nguzo 6 za imani. Tulizisoma kwa sauti moja huku tukiyumba, na ukitukatiza katikati hatukuweza kuendelea ila turudi mwanzo. Kumwamini Mwenyezi Mungu, na malaika wake, na vitabu vyake, na mitume wake, na siku ya mwisho, na kadari, kheri yake na shari yake. Hizo ndizo sita. Mwenzako akikuuliza tena, hilo ndilo jawabu lake.

Ziko katika hadithi aliyoipokea Seyyidna Omar, iliyomo katika Sahihi ya Muslim. Wamekaa na Mtume (S.A.W.) siku moja, akatokea mtu wa nguo nyeupe pepepe na nywele nyeusi tititi, hana vumbi la safari, na hakuna pale aliyemjua. Yaani si mgeni na si mwenyeji. Akakaa magoti kwa magoti na Mtume, akamuuliza Uislamu ni nini, imani ni nini, na ihsani ni nini, na kila akijibiwa husema umesema kweli. Watu wakastaajabu: huyu anauliza na huku anasahihisha! Alipoondoka wakaambiwa ni Jibrili, amekuja kuwafundisha dini yao. Napenda hadithi hii kwa sababu ndani yake malaika ndiye anayeuliza. Basi kuuliza si utovu wa adabu, na mwenzako aliyekuuliza amekufanyia wema.

Anza na la kwanza, na ukae hapo kuliko kwengine kote. Twaamini Mungu ni mmoja, naye si mmoja wa kuhesabiwa, kwamba huenda akatokea wa pili wakawa wawili. Hana mshirika, hana mtoto wala mzazi, hafanani na chochote unachoweza kukifikiri. Surat Ikhlas, ile ya 112, aya 4 tu, uliijua kabla hujajua kufunga viatu, na imani nzima imo humo. Masheikh wetu wakatupangia sifa 20 ili tusipotee njia: kwamba yuko, hana mwanzo, hana mwisho, hamhitaji yeyote na kila mmoja anamhitaji yeye, anaweza, anataka, anajua, anasikia, anaona. Ulizihifadhi, nakumbuka, ukizikosea katika ile ya kumi na mbili. Sasa zitie akilini. Anayesikia ina maana anakusikia wewe huko Eldoret unakosoma, kwa Kiswahili chako, bila ya sheikh wa kukupelekea dua wala kaburi la kulishika. Asiyemhitaji yeyote ina maana sala yako haimwongezei kitu. Ukiiwacha hukumpunguzia yeye, umejipunguzia wewe.

La malaika usilipite mbio. Waliumbwa kwa nuru, hawali, hawalali, hawaasi. Jibrili amewaletea mitume wahyi, Mikaili amepewa mvua na riziki, Israfili anangoja kupuliza parapanda, na yuko Malaika wa Mauti, ambaye katika kazi ya hospitali uliyoichagua utapishana naye mara nyingi milangoni. Halafu wako wawili walio nawe wewe binafsi, Qurani imewaita waandishi watukufu. Hawa ndio nataka uwakumbuke. Umeniambia kwamba zamu ya usiku ikiwa ndefu, wako wanaoandika presha ya mgonjwa bila kumfunga mkono kile kitambaa, wanatazama ya saa nne na kuandika inayofanana nayo. Mkubwa wa zamu hajui. Mgonjwa amelala, hajui. Mtu anayeamini malaika hawezi kuandika tarakimu ile, kwa sababu wakati yeye anaandika faili, anajua na yeye anaandikwa. Hivyo ndivyo imani inavyoshuka kutoka kichwani hadi kwenye vidole.

(Hapa Pwani, nawe wajua, watu hawazungumzi sana malaika. Huzungumza majini kutwa kucha: fulani ana jini, nyumba fulani ina jini. Majini wapo, wana sura yao katika Qurani, lakini katika zile nguzo sita hawamo. Sijui kwa nini tunawaogopa wasiotajwa kuliko kuwastahi waliotajwa. Akikujia mtu na hirizi, mwambie shangazi yangu amekataa.)

Vitabu na mitume nitavieleza pamoja, kwani hapo ndipo mtakapokutana na mwenzako, na ndipo mtakapoachana. Twaamini Taurati aliteremshiwa Musa, Zaburi Daudi, Injili Isa, na Qurani Muhammad, nayo ni ya mwisho, iliteremka kwa muda wa miaka 23. Mitume waliotajwa kwa majina katika Qurani ni 25, na imesema wako wengine hatukusimuliwa habari zao. Kumkana mmoja wao ni kuwakana wote. Kwa hivyo mwenzako akimtaja Ibrahimu, au Yusufu, au Yona ambaye sisi twamwita Yunus, usikae kana kwamba umeingia nyumba ya watu. Ni wetu pia. Na mwambie kwamba Bibi Maryamu ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Qurani, na ana sura nzima, ya 19.

Kisha umwambie ukweli. Twaamini Nabii Isa alizaliwa bila baba, aliponya wagonjwa kwa idhini ya Mola wake, naye ni katika mitume wakubwa. Hatuamini kuwa ni Mungu wala mwana wa Mungu, na hatuamini kuwa alisulubiwa. Na vile vitabu vya kabla, twaamini asili yake na kuwa mikono ya watu iliingia humo baadaye. Usimfiche haya ili akupende, wala usimwambie kwa kejeli ili umshinde.

Katazame walivyofanya wa kwanza. Mwaka 615, Makka ilipowabana Waislamu, Mtume aliwaambia wengine wavuke bahari waende Habasha, kwa mfalme Mkristo asiyedhulumu mtu, yule Najashi. Makureshi wa Makka wakawafuata huko na zawadi za kuwanunulia watu wa baraza yake, wapate kurudishwa. Jaafar bin Abi Talib akasimama mbele ya mfalme akamweleza dini, na alipoombwa kitu katika alichokuja nacho Mtume wao, akamsomea mwanzo wa Surat Maryam. Mfalme akalia hadi ndevu zikalowa. Makureshi hawakukata tamaa. Kesho yake wakamchokoza mfalme, waulize basi wanasema nini juu ya Isa. Hebu fikiri: wakimbizi, ugenini, roho zao ziko mkononi mwa Mkristo. Jaafar hakupunguza neno wala hakuongeza ukali. Akasema wanavyoamini, kwamba ni mja wa Mungu na mtume wake na neno lake alilompelekea Maryamu. Wakabaki kwa amani katika nchi yake. Uislamu ulikaribishwa Afrika hata kabla haujakaribishwa Madina, na aliyeukaribisha ni Mkristo mwadilifu. Mwenzako apewe habari hiyo, ni haki yake.

Na Mtume wetu mwenyewe, mweleze kama binadamu, maana ndivyo tulivyofundishwa tumjue. Babake alikufa yeye hajazaliwa, mamake akafa naye ana miaka 6, babu aliyemchukua akafa naye ana miaka 8. Wahyi ulimjia pangoni Hira akiwa na umri wa miaka 40, akarudi nyumbani anatetemeka, na wa kwanza kumwamini alikuwa mkewe, Bibi Khadija. Hatumwabudu. Alipofiwa na mtoto wake mdogo, Ibrahim, alilia mbele za watu. Siku hiyo hiyo jua likapatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba wa mwana wa Mtume. Mtu mwongo angewaacha waseme. Yeye alisimama akawaambia jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Mwanangu, mtu aliyekataa sifa ya uwongo siku ya kumzika mwanawe, mimi namwamini kwa mengine yote.

Siku ya mwisho waijua: ufufuo, hesabu, mizani, sirati, pepo na moto. Sitakutisha nayo, waliokutisha wametosha. Nakupa moja tu. Iko hadithi kwamba siku hiyo Mola atamuuliza mja wake, niliugua mbona hukuja kunitazama? Mja atashangaa, vipi uugue nawe ni Mola wa viumbe vyote? Ataambiwa, fulani mja wangu aliugua, lau ungemwendea ungenikuta kwake. Mwenzako atakwambia katika Injili ya Mathayo mna maneno yanayokaribia hayo. Kubali, na mfurahi pamoja. Kisha kila mmoja wenu arudi wodini kwake akamtazame yule mzee asiyezuriwa na mtu.

Nimebakisha kadari, na hii ndiyo itakayokusumbua kazini. Utamwona mama anakataa mwanawe asitiwe damu au asipasuliwe, anakwambia, mwanangu, kama kaandikiwa kufa atakufa. Na pengine atakuwa Muislamu, na atakutazama wewe uliyejisitiri umuunge mkono.

Marehemu mume wangu aliugua sukari miaka mingi, wewe ulikuwa mdogo. Insulini yake aliiweka ndani ya mkebe wa Blue Band, katika friji, na mtoto aliyeugusa alikiona. Kila asubuhi baada ya sala aliketi kitini karibu na dirisha, akapangusa tumbo kwa pamba, akabana ngozi kwa vidole viwili, akasema Bismillahi, akajidunga. Siku moja alikuja mtu, jamaa wa karibu, akamwambia, Bwana, mbona unahangaika na sindano kama mtu asiye na tawakali? Ugonjwa ni wa Mungu. Akamjibu bila kuinua uso, huku akirudisha chupa mkebeni: ugonjwa ni wa Mungu, na dawa hii ni ya nani? Jamaa akanywa kahawa yake akaenda zake.

Ramadhani ikifika alitamani kufunga, daktari akamkataza, na maalim wake akamkataza zaidi. Dini imemsamehe mgonjwa asiyetarajiwa kupona; kwa kila siku anatoa kibaba cha chakula apewe maskini. Basi nilikuwa napima mchele jikoni, kibaba kwa kibaba, yeye ananihesabia kutoka barazani, na nikikosea anasema rudia. Alipofariki, sikusema lau tungempeleka pale, lau tungemwahi. Tulifanya lililokuwa mikononi mwetu, na lililokuwa nje ya mikono yetu lilikuwa kwa mwenyewe. Kadari ndiyo iliyonipa usingizi miezi ile. Kabla ya hapo ilikuwa ni neno la Safina tu.

Ukipata mama kama yule, usibishane naye mbele za watu. Mkalishe kando umsimulie habari ya Seyyidna Omar alipokuwa khalifa. Alikuwa njiani kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa huko mbele imeingia tauni. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubaida akamuuliza, wakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Omar akasema naam, twaikimbia kadari ya Mungu kwendea kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia, mbele yake bonde lina pande mbili, mmoja wa majani na mmoja mkavu. Akilisha penye majani ni kwa kadari, na akilisha pakavu ni kwa kadari. Baadaye akaja Abdulrahman bin Auf akawaambia amemsikia Mtume akisema nchi yenye tauni msiiingie, na ikiwakuta mumo ndani msitoke kuikimbia. Hiyo si ndiyo karantini mnayofundishwa? Mwambie yule mama: mwanao akitiwa damu atakuwa ametiwa kwa kadari. Kisha mshike mkono, kwa sababu hoja peke yake haimtoshi mtu anayeogopa kufiwa.

Zile nguzo 5 za Uislamu mwenzako ameshakuona unazifanya, au angalau naomba awe amekuona. Shahada, sala, zaka ambayo ni fungu moja katika 40 la mali iliyotimiza kiwango na mwaka, saumu, na hija kwa mwenye uwezo. Na yale makatazo uliyoanza nayo usiyaache, mwanangu, nguruwe ni haramu jana na leo. Nataka tu yakae mahali pake, nyuma ya imani, ndipo yatakapokuwa na maana kwa anayeyasikia na kwa wewe unayeyashika.

Sasa mawili matatu, na haya si ya kujadiliwa. Sala ya alfajiri usiiache kwa kisingizio cha zamu. Ukitoka zamu umechoka, sali ndipo ulale. Dini usiichukue kwa vijana wa vidio fupi wanaopiga kelele kwenye simu, kila mmoja anamtoa mwenziwe katika Uislamu. Una maalim hapa aliyekuzibua ulimi, mpigie. Mwenzako asikusikie ukidharau kanisa lake, hata akidharau msikiti wako. Na akikuuliza usilolijua, sema sijui, nitauliza. Masheikh wakubwa walisema sijui mara nyingi kuliko unavyodhani.

Nimetuma mfuko kwa basi la usiku, kauchukue stesheni. Mna achari ya maembe, visheti, na tende nusu kilo zilizofungwa karatasi. Tende ni za mwenzako, umpe kwa salamu zangu. Akipenda, mkifunga chuo mje naye. Atalala chumba cha nyanyako, na Jumapili babako atamwonyesha njia ya kanisani. Swali lake likikushinda, liandike vizuri kama alivyolisema, usilipinde, nitampelekea maalim.

Shangazi yako anayekupenda.